Nguo za Watu Zilisalimika Zote

14 Mei

Kaka,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, kwa kiasi cha watu wanaosema hatujambo ili maneno yaishe. Mjomba mguu wake bado unamsumbua. Bi Mkaa anakusalimu na anauliza kama bado unawaogopa kuku. Wifi yangu msalimu sana, na yule mtoto wenu wa mwisho mwambie shangazi amepokea picha aliyomchorea, nyumba ni nzuri, ila ina milango mitatu na haina hata dirisha moja, hebu alifikirie hilo.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunakatiana. Mara ya mwisho nilikata mimi, mara ya kabla yake ulikata wewe, basi tumetoka sare. Kwenye karatasi angalau mtu anaachiwa amalize anachosema.

Tangu tumzike Mama kazi yetu imekuwa kuzoa tope. Watu wanadhani mafuriko ni maji. Maji yalikaa kidogo yakaenda zake, tope ndilo lililobaki likajifanya mpangaji. Limeingia kwenye mapipa ya kuchemshia, kwenye droo, ndani ya pasi za mkaa, mpaka kwenye tundu la kitasa. Kile chumba cha nyuma tulichokuwa tunalala hakikubaki na kitu. Vitanda, sanduku la Mama, picha za marehemu baba, nguo zetu zote, vimekwenda. Meza mbili za kupigia pasi zilivimba zikapasuka, ya tatu seremala anasema ataiokoa, nami namwangalia tu. Ukuta wa upande wa mto umeegemea nje, fundi ameuwekea nguzo na ametukataza kuuegemea sisi. Bi Mkaa kutwa anasugua pasi zake kwa mchanga na majivu huku anazitukana moja moja.

Nguo za wateja zilisalimika zote. Zilikuwa chumba cha juu. Hata soksi moja haikupotea.

Sasa jambo lenyewe. Mwenye nyumba amekuja kuuliza kama tunaendelea au tunamwachia mahali pake. Kama unavyojua, mkataba wa pango una jina lako. Mama aliuandikisha kwa jina la mtoto wake wa kwanza tangu ukiwa na chunusi, na hakuubadilisha. Kwa hiyo mimi ninayezoa tope sina neno, na wewe uliyeko huko mbali ndiye mwenye neno. Nakuomba umwandikie kwamba tunaendelea. Mistari miwili inatosha. Mikono ninayo, Bi Mkaa ninaye, wateja wapo. Duniani hapa sijui kazi nyingine zaidi ya kufua nguo za watu, unalijua hilo vizuri.

Mazishi yalikwenda salama, watu walijaa. Mjomba naye alifika, ingawa wewe ulisema barabara imekatika. Alishuka kwenye lori pale lilipokwama akamalizia kwa miguu, na mguu wenyewe ni ule.

Mdogo wako.


9 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilinikuta kazini, nikaisoma nimesimama katikati ya magunia, wapagazi wananisubiri. Nyumbani wote wazima. Wifi yako alikuwa na jino, limeng'olewa, sasa amani imerudi. Mtoto ameambiwa habari ya madirisha na amejibu kwamba ile ni nyumba ya wanyama, wanyama hawahitaji kuchungulia nje. Mwambie Bi Mkaa siogopi kuku, nilikuwa simpendi tu yule jogoo wake.

Poleni kwa tope. Kama ningekuwa huko ningewapanga vizuri. Hapa ghalani nasimamia watu wengi, na nimejifunza kwamba kazi huanzia juu kushuka chini, siyo kila mtu kushika fagio lake. Ukuta ule ubomoeni kabisa. Mapipa nayo yamepitwa na wakati, siku hizi watu wanafua kwa mashine. Mama hakutaka kunisikia nilipomwambia, lakini wewe bado kijana.

Kuhusu barabara, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Lakini kabla ya kuganga, kuna kitu kinanikereketa. Kwenye simu ulisema ni kichomi. Mimi namjua Mama. Mwanamke aliyesimama kwenye maji ya baridi maisha yake yote, mvua ikimnyeshea uani na yeye anaanua za watu kwanza, hawezi kufa kwa sababu ya kulowana siku moja. Nilipokuuliza zaidi ulisema "alilowana, akaugua, akafa", kama mtu anayesoma tangazo. Mimi ni mtoto wa kwanza. Nina haki ya kujua mama yangu alikufaje, nani alikuwepo, na alifanyiwa nini.

Neno la mwenye nyumba lisikupe haraka. Nitamwandikia. Kwanza nijibu.

Kaka yako.


2 Julai

Kaka,

Shikamoo, na poleni na jino. Sisi tupo. Mjomba amepata fimbo mpya, anaitumia zaidi kuonyeshea watu makosa kuliko kutembelea.

Bi Mkaa nimemsomea ile methali yako ya ndwele. Akasema hajawahi kumsikia aliyekanyagwa akiitumia, siku zote huisikia kwa aliyekanyaga.

Tumeanza kazi uani. Ndani bado hapakaliki, lakini pipa moja tumelinyoosha, tunachemsha, tunaanika, na Bi Mkaa anapiga pasi kwenye mlango uliolazwa juu ya matofali. Ukuta sikuubomoa. Fundi ameuvuta ukarudi, amesiliba, nami nimeupaka chokaa kwa mikono yangu, mikono imebabuka. Ungeuona ungesema hakuna kilichotokea.

Wateja wanakuja kuchukua nguo zao. Kaka, mafuriko yamenionyesha binadamu. Alikuja yule mwalimu mwenye mapazia ya maua, akayanusa yote, moja baada ya jingine, akaniambia yana harufu ya chumba. Nikamwambia, mwalimu, yamekaa chumbani. Akaja bwana mmoja mwenye mashati, akakagua kila kifungo, na alipoona vyote vipo akanuna, nadhani alikuja na ugomvi wake tayari akakosa pa kuuweka. Wapo waliosema pole. Wapo waliouliza "mama yuko wapi?", nikawaambia, wakasema "loo", halafu wakauliza suruali yao. Silaumu. Mtu akifuatilia suruali anafuatilia suruali.

Umeuliza Mama alikufaje. Alilowana na hakukauka, akapata kichomi. Hivyo ndivyo watu wanavyopata kichomi. Nilikuwepo mimi. Jibu umelipata. Sasa andika ile mistari miwili, maana mwenye nyumba amepita tena juzi, akasimama anatazama chokaa yangu kwa macho ya mtu anayefikiria kumpangisha mwingine.

Mdogo wako.


30 Julai

Mdogo wangu,

Nyumbani hawajambo.

Kinyozi amepita hapa. Yule yule aliyekuwa akinyoa ng'ambo ya duka letu. Amekuja huku kununua vioo, vyake vilikwenda na maji, akalala kwangu siku mbili. Nilifurahi kumwona. Tulikula, tulicheka, halafu nikamwuliza habari za Mama, akanyamaza. Kinyozi akinyamaza ujue kuna jambo. Nilimbana mpaka akasema.

Anasema Bi Mkaa ndiye aliyewakuta maji yalipopungua. Kwamba alipanda ngazi akamkuta Mama amekaa chini, mgongo ukutani, gauni limemgandia mwilini kwa maji, midomo imebadilika rangi, anapumua kwa shida. Na kwamba chumba kizima, kuanzia sakafuni mpaka darini, kilikuwa kimejaa nguo kavu. Mashuka. Makoti. MABLANKETI. Kwamba na wewe ulikuwa umekaa pembeni yake unatetemeka, na hakuna hata kitambaa kimoja kilichokuwa kimeguswa.

Nimekaa na maneno hayo nikasema haiwezekani, kinyozi anaongeza chumvi, ndiyo kazi yake ya pili. Ila nikikumbuka barua zako, "nguo za wateja zilisalimika zote, hata soksi moja", naona inawezekana. Ulikuwa unajisifu?

Uliwezaje? Nguo za kuvalisha mtaa mzima, na mama yetu anakufa kwa baridi mbele yako! Hata mtu asiyekujua ungemtupia kitu. Mbwa ungemtupia gunia.

Niambie kama ni kweli au si kweli. Ikiwa ni kweli sioni kwa nini niandike mstari hata mmoja kwa mwenye nyumba.

Kaka yako.


11 Agosti

Kaka,

Shikamoo naiandika kwa sababu nililelewa hivyo. Wote wazima. Habari za nyumbani zimeisha.

Ni kweli. Yote aliyosema kinyozi ni kweli, na safari hii, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuongeza chumvi. Sasa kaa nikwambie na yale ambayo kinyozi hayajui.

Maji yalikuja mchana. Bi Mkaa alikuwa amekwenda kumtazama mkwewe mgonjwa, tulikuwa mimi na Mama tu. Alipoona yamevuka kizingiti hakusema tukimbie. Alisema, "Nguo za watu kwanza." Basi tukaanza kupandisha mafurushi. Yeye anatoa chini, mimi napokea ngazini, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akizijua rafu zote kwa kichwa. Maji yakamfika magotini akawa anatoa mashuka. Yakamfika kiunoni akarudia suti. Nikamwambia, "Mama, na nguo zetu je?" Akasema zetu baadaye. Mara ya mwisho alipotoka maji yalikuwa kifuani, furushi lipo kichwani, meno yanagongana, na bado anacheka: "Umeona? Hata moja halikulowa!" Alifurahi, kaka. Sijamwona amefurahi vile kwa miaka mingi.

Kutoka pale hatukuweza kushuka tena. Lile dirisha la juu halina kioo, unalijua, upepo na mvua vinaingia vinavyotaka. Tulikuwa na nguo tulizovaa, zinachuruzika, basi. Na pembeni yetu ndizo hizo nguo za watu. Zote zimekunjwa, zimepigwa pasi, zinanukia sabuni. Juu kabisa lilikuwa blanketi la mwenye nyumba, lile zito la sufu. Nikanyoosha mkono. Mama akanipiga mkononi kama unavyompiga mtoto anayedokoa mboga jikoni. "La mtu hilo." Nikamwambia, Mama, utakufa. Akasema, "Nikifa nife na heshima yangu, siyo na blanketi la mtu."

Nilibishana naye. Nilimlilia. Nilimpigia magoti kwenye sakafu ile. Baadaye akasinzia, nikaona hapa ndipo. Nikalichukua, nikalifunua, nikamfunika mpaka shingoni. Akafumbua macho akasema neno moja tu: "Likunje." Nami nikalikunja. Pembe kwa pembe, kama alivyonifundisha, nikalirudisha mahali pake. Mimi niliyekuwa na nguvu, mbele ya mtu mzima anayetetemeka hata kushika kitu hawezi, nilikunja blanketi. Unaniuliza niliwezaje. Naamka nalo swali hilo kila siku, sikuhitaji unitumie kwa posta.

Lakini na mimi nikuulize. Mama alikuwa hivyo tangu lini? Tulipokuwa wadogo "nguo ya mteja haivaliwi" ilikuwa kanuni ya kazi tu, kama kutochanganya nyeupe na za rangi. Nani aliigeuza ikawa kiapo?

Au umelisahau koti la karani? Lile la kijivu, lenye bitana ya hariri. Ulilichukua kwenye ndoano ukalivaa kwenda harusini, ukajiona bwana harusi ni wewe. Mimi nilikuwa mdogo, nimekaa na Mama upande wa wanawake, naliona koti linavyong'aa nikajisikia fahari. Mara karani mwenyewe akaingia. Hata kelele hakupiga, afadhali angepiga. Alikuja mpaka mbele yako akasema, "Kijana, naomba koti langu." Ukalivua. Na chini yake ulikuwa na fulana yenye matundu. Watu walicheka mpaka wapiga muziki wakaacha kupiga ili nao wacheke.

Kesho yake wateja walikuja kuchukua nguo zao, zilizofuliwa na ambazo hazijafuliwa. Mama akazunguka mlango kwa mlango kuomba radhi, nami nimemshika kanga. Aliapa katika kila nyumba kwamba nguo ya mteja haitagusa tena mwili wa mtu wa nyumbani kwake, awe hai, awe maiti. Nilikisikia kiapo hicho mara nyingi mpaka nikakijua kwa moyo. Wewe juma lile lile ukapanda basi. Ukasema umepata kazi. Kazi hata hukuwa nayo. Nani aliyebaki na kiapo ndani ya nyumba, kaka? Nani aliyelala nacho chumba kimoja mpaka kikamuua mama yake mikononi mwake?

Mwandikie mwenye nyumba unachotaka. Mimi ukuta wangu nimekwisha kuupaka chokaa.

Mdogo wako.


20 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku ni wazima. Barua yako aliifungua wifi yako kabla yangu, na tangu siku hiyo ananitazama kama mtu aliyegundua chumba kingine ndani ya nyumba yake. Watoto hawajui kitu.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Hii sitaichana hata ikitoka vibaya.

Nilidhani umesahau. Ulikuwa mdogo, umeshika kipande cha keki, nikasema huyu hatakumbuka. Miaka yote hii nilijifariji kwamba angalau mmoja katika nyumba ile hakumbuki.

Koti nililivaa kwa ajili ya msichana. Hata jina lake sasa sina uhakika nalo. Unadhani Mama alinipiga? Hakunipiga. Laiti angenipiga! Hakunitukana, hakunifukuza. Asubuhi niliyoondoka alinifungia chakula cha safari, akanipa mkono. Mkono, kama unavyompa mgeni. Na kila nilipokuja baadaye, na mke, na watoto, na zawadi, alikuwa ananivutia kile kiti kizuri cha mbele, cha wageni, ananifutia vumbi kwa upindo wa kanga. Nyinyi mlikuwa mnaona ananiheshimu. Wewe ulikaa chini kwenye mafurushi pamoja naye mnamenya vitunguu mnachekana, na mimi nimekaa kitini.

Barabara ilikuwa inapitika, angalau kwa miguu. Mjomba aliniambia. Sikuja kwa sababu sikutaka kukaa kwenye kiti kile mbele ya maiti yake. Ndiyo hivyo.

Sasa nimefikiria sana, na usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Duka lile lilinitoa mimi, halafu likamuua yeye, na sasa linakula mikono yako. Wewe ndiye uliyebaki, sitaki likumalize. Nimemwandikia mwenye nyumba. Nimemwambia mkataba namrudishia, mwisho wa mwaka achukue mahali pake. Njoo huku ukae nasi. Ghalani kuna nafasi ya kupokea mizigo, kazi ya kukaa, kavu, hakuna maji. Wifi yako amekwisha kukutengea chumba. Utanilaani leo, utanishukuru kesho.

Kaka yako anayekupenda.


23 Januari

Kaka,

Shikamoo. Mjomba hajambo. Bi Mkaa hajambo. Wifi mwambie namshukuru kwa chumba, ampe mtoto mmojawapo, mimi sitakuja.

Mwenye nyumba alikuja na barua yako mkononi. Siku hiyo seremala alikuwa ameleta meza ya tatu, kumbe mwongo siye, ameiokoa kweli, na mchora vibao alikuwa juu ya ngazi anamalizia neno la mwisho la kibao chetu. Mwenye nyumba akanisomea barua yako yote kwa sauti, wafanyakazi wanasikiliza. Akasema, "Mimi sina ubaya, kaka yako ndiye mwenye mkataba, na kaka yako ameamua." Mchora vibao akauliza kama aendelee au ashuke.

Halafu mwenye nyumba akakumbuka kwamba ana blanketi lake. Nikampandia juu nikamletea. Akalinusa, akalipapasa, akasema kazi yenu safi siku zote, itabidi nitafute dobi mwingine. Nilimfungia kwa karatasi, nikafunga na uzi, nikamsindikiza mpaka mlangoni. Pale sasa yupo muuza matairi. Ameyaegemeza kwenye chokaa yangu.

Nilikulaani, kama ulivyosema. Ile ya kukushukuru bado naisubiri. Umeamua peke yako mambo ya nyumba uliyoikimbia, ukaliita pendo. Mama alinilinda na blanketi, wewe umenilinda na duka. Nimechoka kulindwa na watu wa familia hii.

Tupo nyuma ya gereji ya mafundi magari, mimi na Bi Mkaa, kwenye banda la mabati. Pipa moja, meza moja, kamba tumezifunga kwenye lori bovu ambalo mwenyewe hajulikani. Wateja wametufuata nusu, wengine wanasema nguo zitanuka oili. Kibao hatuna. Tutaishi, usituhangaikie.

Nilikuwa nimeapa sitakuandikia tena, na ningetimiza. Ila wiki hii limetokea jambo, na siwezi kukaa nalo peke yangu. Wa kugawana naye ni wewe tu.

Bi Mkaa alikuja kazini na mvua. Yeye mwavuli hauamini, anasema mwavuli ni wa watu wanaojipenda. Alifika amelowa chapachapa, anatetemeka, midomo imebadilika, anajitahidi kunitania na taya halimtii. Kaka, sikufikiri. Wallahi sikufikiri hata kidogo. Nilinyoosha mkono nikachukua koti lililokuwa karibu, koti la mteja, zito, jeusi, limekwisha kupigwa pasi, nikamvua kanga zake nikamvisha nikalifunga vifungo mpaka kidevuni. Akaruka: "We! Koti la mtu hili!" Nikamwambia nyamaza unywe chai. Akanywa. Akapata joto, akaanza kumsema mkwewe, nikajua amepona. Akapiga pasi kutwa nzima ndani ya koti lile, mikono imekunjwa, anavuja jasho.

Jioni akalivua. Kola imeingia jasho, mfuko umenuka mkaa. Nikalitumbukiza kwenye maji ya sabuni. Nikalifua, nikalisuuza, tukalikausha kando ya moto, Bi Mkaa mwenyewe akalipiga pasi. Baada ya siku mbili mwenyewe akaja, akalivaa, akageuka huku na huku, akasema halijawahi kumkaa vizuri namna hii. Akaenda zake.

Nilibaki nimesimama. Bi Mkaa akaniuliza nina nini. Nikatoka nje nikajificha nyuma ya lile lori bovu nikalia mpaka mafundi wa gereji wakazima mashine kusikiliza.

Mama aliifanya kazi hii tangu usichana wake. Mimi sijafanya nyingine. Tulikaa chumba kile mchana na usiku, tunabishana habari ya heshima, na kiapo, na mali ya watu, yeye anakufa na mimi nalia, na hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria.

Sisi ni madobi, kaka. Tungelifua.

Mdogo wako.